Kikombe Changu cha Bati

Wajukuu wangu wananiita Mzee Kikombe. Nikialikwa harusini au kwenye mkutano wa kijiji, huenda na kikombe changu cha bati kwenye mfuko wa koti, na kama ni maji, chai au pombe, humiminiwa humo. Cha mtu mwingine sikigusi. Watu wana maelezo yao. Wapo wanaosema niliwahi kuugua kifua nikazoea kujitenga. Wengine wanasema ni maringo ya mtu aliyewahi kufika Arusha kukimbia na wakubwa. Huwa nawaacha waseme, maana maringo ni afadhali kuliko ukweli wenyewe.

Ukweli ni wa juma moja tu, mwezi wa saba, wakati wa baridi, mwaka wa pili baada ya sisi kuhamishiwa kijijini.

Nilikuwa tarishi wa ofisi ya kata, Maretadu. Barua za Katibu Kata zilipaswa kufika Dongobesh, nyingine Masieda, na baiskeli ya ofisi ilikuwa imekufa siku nyingi. Basi nilikimbia. Sikujua kama ule ni mchezo. Kwangu ilikuwa njia ya kuwahi nyumbani kabla ng'ombe hawajarudi. Aliyenigundua ni mwalimu wa shule yetu, mtu wa Tanga, mwembamba, mkali wa maneno, mwenye saa ya mkononi aliyoithamini kuliko mshahara. Alinipima siku moja, akaitikisa saa akidhani imesimama, akanipima tena. Tangu hapo sikupata raha. Mwaka mzima alinipandisha na kunishusha milima, na mwisho akaniandikisha kwenye marathoni ya Arusha, ambako watatu wa kwanza wangechukuliwa kambini kuandaliwa kwa timu ya taifa.

Watatu tu. Nilitaka kuwa mmoja wao kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na nasema hivyo nikijua kwamba mke wangu wakati huo alikuwa na mimba ya miezi mitano, ya kwanza, na nje ya nyumba yetu hakuna aliyekuwa ameambiwa.

Jumanne jioni mwalimu alinikabidhi raba zake nyeupe, alizozipaka chaki mpaka zikang'aa. Akanipa na amri.

"Kuanzia sasa hukimbii tena mpaka Jumapili. Wewe ni bibi harusi. Kula, lala, nyoosha miguu. Nikikuona hata unakimbiza kuku, nakufuta."

"Shikamoo mwalimu, nimesikia."

"Shikamoo ya nini sasa hivi? Umeshaniamkia asubuhi. Nenda ukalale."

Ndivyo nilivyokuwa nimechanganyikiwa. Nilizitundika raba kwenye msumari karibu na mlango ili nizione nikiwa kitandani. Nilikuwa naogopa kushindwa, na zaidi ya hapo nilikuwa naogopa kwamba ningeshinda na maisha yangu yasirudi tena kuwa haya. Mke wangu alinicheka, akasema nimeanza kuumwa uchungu kabla yake.

Jumatano alfajiri mimba yake ikatoka.

Kwa mgeni lazima nieleze kidogo. Sisi Wairaqw, jambo kama hilo likitokea, nyumba inafungwa. Tunaita metimani. Si adhabu, wala si kwamba watu wanakuchukia. Ni kwamba kifo kimepita kwenu na bado kiko mikononi mwenu, kwa hiyo mnajitenga ili kisivuke. Hamwombi moto kwa jirani wala hamchoti maji na wenzenu. Hamshikani mikono na watu, hamnywi nao chombo kimoja, hamsafiri. Na zaidi ya wote mnawakwepa wajawazito na watoto wachanga, maana hao ndio wepesi kudhurika. Mnakaa hivyo miezi, mpaka wazee waseme imetosha, mtakaswe, mrudi kwa watu.

Kule tulikotoka, jambo hilo lilikuwa na nafasi yake. Nyumba na nyumba ziliachana kwa umbali wa mwito, kila moja na mteremko wake na kijito chake. Lakini hapa kijijini tulipangwa kwa kamba, mlango ukitazama mlango. Kutoka kizingiti changu mpaka cha jirani zilikuwa hatua kumi na nne. Kisima kilikuwa kimoja. Walioipima mistari ile walifikiria shule na zahanati na barabara, na sikatai kwamba tulivihitaji. Hawakufikiria nyumba inayotakiwa kukaa peke yake.

Basi tulikuwa ndani, mlango tumeurudishia, mke wangu amelala upande, mimi nimechutama pale chini nimeshika kitambaa. Nilijua kinachotakiwa. Nitoke, nisimame mbali, nimwite balozi wa nyumba kumi, nimwambie. Nyumba ingefungwa kabla jua halijapanda, na Arusha ingekwenda bila mimi.

Kwa miaka mingi nilijisimulia kwamba mke wangu ndiye aliyesema niende. Ni kweli, alisema. Lakini kabla hajasema nilifanya kitu kimoja, naye alikiona. Nilizitazama raba.

"Nenda," akasema. "Hatutamwambia mtu mpaka urudi. Nitasema nina homa."

"Na maji?"

"Utajua mwenyewe."

Nikatoka na jembe na kile kitambaa, nikaenda mahameni kwetu, kwenye nyumba yetu ya zamani. Paa lilikuwa limeshaanguka. Nguzo mbili za mlango zilikuwa bado zimesimama, na mafiga yako palepale, majivu yake yamekuwa udongo. Nilimzika mtoto nyuma ya pale. Ukungu ulikuwa mzito na nilihisi natazamwa. Sikuona mtu, na sikutaka kuona. Nikarudi mbio, nimesahau kabisa amri ya mwalimu.

Suala la maji lilikuwa na jibu moja tu. Kama tungechota kisimani, tungewachafulia watu maji, na hilo angalau nililikataa. Chemchemi yetu ya zamani ilikuwa kulekule mahameni, zaidi ya saa nzima kwa miguu. Basi Alhamisi na Ijumaa niliamka kabla ya majogoo, nikaenda na debe, nikarudi nalo begani kwa mwendo wa haraka ili niingie ndani kabla watu hawajafungua milango. Mwanamume kubeba debe la maji lilikuwa jambo la kuulizwa. Nilikuwa nimeandaa jibu kwamba ni ya kufyatulia tofali. Hakuna aliyeniuliza. Njia nzima nilisikia maji yakicheza ndani ya debe, nyuma kidogo ya sikio langu, kama mtu anayenifuata anataka kusema neno.

Ijumaa asubuhi mwalimu aliniita ofisini kwake, akaniambia nikae juu ya meza, akanibinya miguu.

"Misuli hii imefanya kazi," akasema. "Umekimbia wewe."

"Hapana, mwalimu."

"Niangalie usoni."

Nikamwangalia usoni nikasema hapana tena. Aliziachia nyama za mguu wangu polepole. Nadhani hakuniamini, ila alifikiri ni woga, na woga aliuheshimu. Sikumpa mkono wakati wa kuagana. Nilizuga nimeshika kofia.

Adhuhuri nikarudi nyumbani, na hapo ndipo nilipo mpaka leo.

Jirani yetu wa mlango wa pili alikuwa ndani. Alikuwa mwanamke wa umri wa mke wangu, mcheshi, aliyejifungua mtoto wa kiume kama miezi miwili nyuma. Alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na kitanda, mtoto mgongoni amefungwa kwa kanga, kichwa kimechungulia juu. Alikuwa amemletea mke wangu uji wa ulezi kwenye kibuyu. Wamekwisha kunywa wote wawili, kwa kata moja. Kata yenyewe ilikuwa bado mkononi mwa mke wangu.

Mke wangu alinitazama. Angemfukuzaje jirani aliyekuja na uji? Angesema nini? Alikuwa ameniachia mimi.

"Hodi nyumbani kwangu," nikasema, nikijaribu utani.

"Karibu mkimbiaji," jirani akajibu. "Mkeo ana homa kali, na wewe unazurura na mwalimu. Wanaume nyie!"

Ilihitaji neno moja. Ningelisema kwa Kiiraqw, pale mlangoni, na yeye angenyanyuka, angetoka, angekimbilia kwa wazee, na labda pangekuwa na dawa ya kufanywa siku ileile. Neno lilikuwa mdomoni. Nililihisi kabisa, kama punje ya mahindi. Na nyuma ya mlango, kwenye msumari, raba zilikuwa zinang'aa.

"Mtoto hajambo?" nikauliza.

"Hajambo, anashukuru mjomba wake."

Akaondoka. Mke wangu akageukia ukutani. Usiku tulizungumza habari za debe tu, kama lingetosha mpaka nirudi.

Jumamosi niliondoka na mwalimu kwa lori la maharage mpaka Mbulu, na kutoka hapo basi. Watu walikuwa wametoka kwenye mistari yao kunipungia. Mwenyekiti wa kijiji alitaka kunikumbatia, nikaruka ndani ya lori kabla hajanifikia, na watu wakashangilia wakidhani ni wepesi wa mkimbiaji. Nilikaa juu ya magunia, mbali na wenzangu. Njiani mwalimu alinipa nusu ya mkate wake, nikauacha uanguke.

Arusha tulilala kwenye darasa la shule, juu ya majamvi, wakimbiaji kutoka kila upande. Nilijibanza pembeni. Nilisikia mwalimu akiwaeleza wenzake kwa fahari: "Huyu wangu ana nidhamu. Hachangamani. Kichwa chake kiko barabarani."

Kichwa changu kilikuwa kwenye kata ya uji.

Jumapili asubuhi tukaanza. Sitawachosha kwa maili ishirini na sita. Nitasema tu kwamba mpaka nusu ya njia nilikuwa wa pili, na sikuwa najisikia kama mtu anayekimbia. Nilijiona nimesimama na barabara inavutwa chini yangu. Kila baada ya maili kadhaa palikuwa na meza, na juu yake karai la maji na vikombe viwili au vitatu. Unafika, unachota, unakunywa, unarudisha kikombe ndani ya karai, mwenzako anakuja anachota.

Meza ya kwanza nikaipita. Ya pili nikaipita. Sikuwa nimepanga. Nilinyoosha mkono, na mkono ukarudi wenyewe. Nikanywe humo halafu wale vijana wa watu, wenye wake zao na watoto wao, waje wanywe nyuma yangu? Sikuweza. Nimejiuliza maisha yangu yote ilikuwaje nikamhurumia mkimbiaji wa Singida ambaye sikumjua hata jina, na mama wa hatua kumi na nne sikumhurumia. Jibu ninalo na halinifurahishi. Kuacha maji kuliniumiza mimi peke yangu. Kumwambia jirani kungeninyima Arusha.

Jua likatoka. Midomo ikakauka, kisha ulimi. Nikaanza kusikia debe. Maji yalikuwa yakicheza nyuma ya sikio langu, wazi kabisa, kwenye barabara ya lami ambayo haikuwa na debe wala chemchemi. Niligeuka mara mbili. Mkimbiaji aliyekuwa nyuma yangu alidhani nampima, akaongeza mwendo, akanipita.

Mwalimu alikuwa amenisubiri karibu na maili ya ishirini. Alikuwa ametoka pembeni na kikombe mkononi, maji yanamwagika kwenye saa yake.

"Kunywa! Kunywa wewe mtu! Unataka kufa?"

Nikausukuma mkono wake. Kikombe kikaanguka. Alikimbia nami kidogo, viatu vyake vya ngozi vikipiga lami, akinitukana kwa Kisambaa na Kiswahili, halafu akachoka, akabaki nyuma. Sikuwahi kumwona na uso ule tena, maana hakuwahi tena kunitazama hivyo.

Nikawa wa tano. Maili mbili za mwisho nilitembea sehemu. Walinimwagia ndoo ya maji kichwani, nikafunga mdomo yasiingie.

Tulifika kijijini Jumanne mchana. Watu walinipokea vizuri, walisema wa tano ni wa tano. Lakini nilipokaribia mstari wetu niliona jambo ambalo mtu wa kwetu haambiwi mara mbili. Wapita njia walikuwa wanauacha upande wa jirani yangu, wanapita pembezoni kabisa mwa barabara. Mlango ulikuwa umefungwa. Moshi wa pale jikoni ulikuwa mdogo, wa mtu anayejipikia peke yake.

Mtoto alikuwa amefariki Jumapili. Mganga wa zahanati alisema kichomi, na huenda ni kweli, baridi ya mwaka ule iliua watoto kwingine pia. Sikuuliza ilikuwa saa ngapi. Sitaki kujua nilikuwa maili ya ngapi.

Jirani yangu alifanya yale tuliyoyakwepa sisi. Nyumba yake ilifungwa, akakaa miezi hiyo yote na mume wake, kwa utaratibu, bila kuiba hata siku moja. Kisima kikawa mwiko kwake. Na mimi, kila alfajiri, nilikimbia mahameni na debe, nikaliweka kwenye mpaka wa kiwanja chake, nikaondoka. Hatukuonana uso. Nilisikia tu mlango wake ukifunguka nikishafika kwangu. Watu wakasema, tazama moyo wa yule tarishi. Mwalimu alipewa uhamisho kabla mwaka haujaisha, akaniachia raba. Sikuzivaa tena. Zililiwa na panya kwenye msumari wake.

Jirani alipotakaswa alikuja kunishukuru, mbele ya watu. Nilitamani ardhi ipasuke. Mimi na mke wangu hatukutakaswa kamwe, kwa sababu ili utakaswe lazima kwanza useme. Tulizaa watoto wanne baadaye, wote wazima, na kila mmoja alipozaliwa tulikaa tukisubiri. Tuliishi miaka yote hiyo tukiwa watu ambao nyumba yao ilipaswa kufungwa na haikufungwa. Hatukuwahi kulisema hata sisi wawili. Yeye alikunywa kwa vyombo vya watu kama kawaida ili tusishukiwe, na ninajua ilimgharimu. Mimi nilinunua kikombe cha bati.

Mwaka jana nilimzika mke wangu. Siku za leo hakuna tena anayefunga nyumba sawasawa. Watu walikuja, wakala, wakaimba, wakaondoka na simu zao. Siku ya tatu akaja jirani, bibi sasa, na fimbo, akaketi kwenye benchi mlangoni pangu. Alikuwa na jagi la maji na kikombe chake cha plastiki. Akamimina, akanywa nusu, nusu iliyobaki akaninyooshea.

"Pole, mzee mwenzangu. Kunywa."

Nikapapasa mfuko wa koti nitoe changu. Akaendelea kukinyoosha chake.

Neno ambalo nilikuwa nalo mdomoni tangu Ijumaa ile likatoka, limechakaa, na halikuwa refu hata kidogo. "Mke wangu hakuwa na homa."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu Jumatano ile. Nilikuona umepita na jembe alfajiri, na upande ule hukuwa na shamba. Nami nilikuwa nimetoka kuzaa. Harufu ile ya damu mlangoni kwenu naijua."

Ng'ombe wa mtu walipita barabarani. Nilisubiri wapite.

"Ulijua," nikasema. "Ukajua, na bado ukaingia? Na mtoto mgongoni?"

Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo hata mtoto angejibu.

"Mkeo alikuwa peke yake," akasema.

Kikombe kilikuwa bado mkononi mwake. Nikakipokea, nikanywa.